Kibaraza Kisicho na Kibali

Fundi magari alijenga kibanda cha vifaa nyuma ya bustani yake, na hakuna aliyemsumbua. Kibanda kidogo hakihitaji kibali. Kisha mama yake, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mumewe, akaanza kulalamika kwamba ndani ya nyumba anajiona kama nguo ya kabatini. Ndipo fundi akaongeza kibaraza cha mbao mbele ya kibanda, akakiinua kutoka ardhini na kukiezeka mabati, ili mama akae hapo atazame maua.

Mdogo wake alikuwa mkaguzi wa majengo. Siku aliyokuja kumjulia mama hali, aliinama akachungulia chini ya sakafu.

"Kaka, kibanda hakina neno. Lakini kibaraza chenye paa tayari ni jengo. Kinataka ramani, kibali, na nguzo zikaguliwe kabla hujafukia. Hizi umezisimika kwenye udongo mtupu?"

"Nimeshindilia mawe. Halafu wewe si ndiye mkaguzi? Basi umeshakagua."

Mama alicheka hadi akakohoa. "Mwache kaka yako, baba. Au unataka nikalie karatasi?"

Mkaguzi naye akacheka. Fundi angekuwa mtu baki, mkaguzi angemsimamishia ujenzi papo hapo. Kwa kaka yake alikunywa chai, akaaga.

Mvua zilipokolea, udongo ukalainika. Alasiri moja upepo ulivuma kwa nguvu, nguzo ya pembeni ikateleza, paa zima likashuka. Fundi alikuwa gereji. Jirani ndiye aliyesikia kishindo, akaita watu. Walipoyanyanyua mabati walimkuta mama bado yuko kitini, ameshakata roho.

Baada ya maziko, ndugu hao wawili walikwenda kubomoa mabaki. Mmoja alishika ubao, mwingine aking'oa misumari.

"Ungenikatalia," fundi alisema.

"Ungenisikia?"

"Nisingekusikia. Ningekutukana. Lakini ungenikatalia."

Mkaguzi aling'oa misumari michache zaidi, kisha akaketi kwenye tope na suruali yake ya msibani, akaangua kilio. Kaka yake alimtazama, asimshike hata bega. Akajitwika mbao na kuzipeleka getini, na aliporudi akapitia upande wa pili wa bustani.