Samaki Aliyekaa Kitako

Fundi wa matangi alikuwa ameshazamisha wavu nilipomshika mkono. Mimi mfagizi, kiganja kimelowa, nimemkamata mwanamume wa watu mbele ya wagonjwa wanne wenye mashavu yaliyovimba.

"Mama, vipi tena?"

"Usimtoe. Haumwi."

Kilikuwa chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Upande wa dirisha lilisimama tangi la kioo la maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe yenye matawi kama pembe, na samaki wa manjano wakipita wakijionyesha kama maharusi. Kwenye tawi la juu kabisa alikaa yeye, samaki niliyemtetea. Hakuzidi kidole changu cha kati. Mwili mweupe, madoa mekundu toka kichwa mpaka mkia, kana kwamba Muumba alibakiwa na wino akaona asiutupe. Hakuogelea. Aliegemea mapezi yake ya kifuani kama mtu aliyeweka viwiko mezani, akigeuza macho tu: jicho hili huku, lile kule.

Kila aliyeingia alisema samaki huyu anakufa. Fundi alikuwa mgeni, wiki yake ya kwanza, naye akakata shauri hilohilo: samaki asiyeogelea ni mgonjwa, na mgonjwa ataambukiza wenzake.

Mwaka ule nilikuwa nimemzika mume wangu. Nami nilisemwa hivyohivyo. Nilikaa, nikasali, nikatazama watu wanavyopita, na wifi yangu akawa ananichungulia mlangoni kama anayengoja chungu kichemke. Basi nilipopata kazi pale, na kioo kile kikawa changu kukifuta kila asubuhi, kwa kitambaa kikavu bila tone la sabuni, nilimwelewa yule mwenye madoa kabla sijajua anakula nini.

"Umesomea samaki?" fundi aliuliza.

"Nimeishia darasa la saba. Samaki hatukuwafikia."

Mgonjwa mmoja alicheka, akajuta, akashika taya.

"Mtilie uduvi mmoja, aliye hai," nikasema. "Asipomla, mtoe. Na mimi nifukuzwe."

"Shangazi, maneno hayo utayatafuna mwenyewe," alisema binti wa mapokezi.

Fundi alifungua kopo lake la uduvi, akamwachia mmoja. Mdudu yule akashuka, akajibanza chini ya tumbawe. Yule wa madoa hakutikisika. Dakika ikapita, ya pili nayo. Fundi akainua wavu. Nilianza kumwomba Mola, nikaona haya kumsumbua kwa samaki, kisha nikaomba tu.

Uduvi akatoa mguu mmoja nje ya kivuli.

Tawi likawa tupu. Hakuna aliyeona safari yenyewe. Tulimwona tayari chini, sharubu za uduvi zikichungulia mdomoni. Akameza, akapanda tena kitini pake, akaegemea viwiko vyake. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini mwindaji mwenye adabu kama yule sijaona.

Fundi hakuniomba radhi. Alikung'uta wavu, akavuta kiti, akanipa kalamu na daftari lake la kuandikia hali ya samaki.

"Huyu mwandike wewe, mama. Kila siku."

Nikaketi katikati ya wagonjwa, nikaandika taratibu kwa herufi zangu kubwa: *Leo amekula mara moja. Hana haraka.*