Vidole Midomoni Mpaka Nirudi

Kuna watu wakiniona nafungua mdomo, kwanza huangalia mlango uko wapi. Siwalaumu. Maisha yangu yote nimekuwa mpiga mnada. Nimeuza makabati yasiyo na migongo nikayasifu kwamba yanapitisha hewa, na wajukuu wangu mpaka leo wanaamini niliwahi kufukuzwa na nyuki nikiwa juu ya baiskeli, nikamchosha mpaka nyuki akaomba lifti. Shuleni waliniita Kasuku, kwa kuwa hakuna sauti ya mtu nisiyoweza kuiiga. Basi hii nayo ukitaka kuicheka, icheke. Ila icheke kimya kimya.

Sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi tuna desturi ya kukutana kila mwaka. Tunakodi kaukumbi, tunanunua soda, tunapiga picha, tunadanganyana kwamba hatujazeeka. Umri wetu huu, ukimuuliza mtu habari za siku nyingi anakujibu kwa vipimo vya maabara. Mwaka huu ukumbi ulikuwa umewahiwa na harusi. Ndipo Kiroboto, aliyekuwa mdogo kuliko wote darasani na ambaye amestaafu ualimu juzi juzi tu, akasema shule imefungwa kwa likizo, mlinzi anamjua, funguo atapewa. Tukakutane darasani kwetu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi kwenye chumba kile.

Nieleze kwa nini. Tulipokuwa darasa la tano tulifundishwa na mwalimu mmoja mrefu, mwenye kikohozi cha kudumu na viatu vyenye vyuma kisiginoni. Ulimsikia kabla hujamwona: ka, ka, ka, kikohozi, halafu anakwangua soli kizingitini. Siku moja mchana aliinuka katikati ya somo akasema, "Vidole midomoni! Asitoke mtu mpaka nirudi." Akatoka kwenda kununua dawa ya kifua. Hakurudi. Alianguka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, akafa hapo hapo. Sisi hatukujua. Tulikaa na vidole midomoni mpaka njaa ikatushinda adabu, mmoja akaruka dirishani, na wengine tukamiminika nyuma yake kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Alibaki mmoja. Walikuwa mapacha, msichana na mvulana. Msichana tulimwita Pacha. Kaka yake tulimwita Mtiifu, maana yule ukimwambia kaa, atakaa hata nyumba ikiungua. Dada yake alimwita kutoka dirishani, "Twende bwana, mama atatugombeza!" Mtiifu hakuondoa hata kidole. Pacha akatangulia akijua atafuatwa.

Hakufuatwa. Jioni ile watu wazima walifungua darasa wakakuta madawati matupu. Walipekua visima, mashimo ya takataka, vituo vya polisi. Watu wakachoka. Mama yao hakuchoka. Alizeeka mpaka akawa mwepesi kama kapu tupu, madaktari walikwisha kumuaga zaidi ya mara moja, naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Siendi popote. Mwanangu hajatoka shule." Haponi, hafi. Pacha, mshonaji wa mapazia, ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Wiki ile ya mkutano mama alikuwa ameacha kula, lakini macho hayatoki mlangoni.

"Nitakuja," Pacha aliniambia kwenye simu. "Nimechoka kumwona anavyongoja, Kasuku. Siyo kwamba nataka afe. Nataka apumzike."

Basi tukaenda. Tulijikunja kila mtu kwenye dawati lake la zamani, magoti yakigonga mbao. Mimi nilikaa na jirani yangu wa siku zote, Tairi, dereva wa malori mwenye tumbo la kushinda lori.

"Sogea huko," nikamwambia. "Zamani ulikuwa unachukua nusu ya dawati."

"Nusu yangu bado ni ile ile, mzee. Wewe ndiye umepungua."

Nje upepo ulikuwa unapandisha vumbi. Kiroboto akasema, "Jamani, fungeni mlango, kifua changu!" Tairi akaufunga.

Komeo lilipoanguka tu, harufu ya chaki ikajaa chumbani, chaki mbichi, na safu ya katikati alikuwa amekaa mtu.

Alikuwa mzee kama sisi. Kipara, ndevu nyeupe zimelala juu ya dawati. Lakini alivaa shati jeupe na kaptula ya kaki, na vile vitu vilikuwa vimekua pamoja naye, kama ganda la konokono. Kwenye kola kulikuwa na kiraka kilichoshikizwa kwa uzi mwekundu. Miguu peku, imetulia sakafuni. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa mdomoni. Wahenga walisema kamba hukata jiwe. Kile kidole kilikuwa kimechimba mfereji kwenye midomo yake, kikalala humo kama kisu kwenye ala. Macho yalikuwa mlangoni.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitaka, lakini nilijikuta na mimi nimeshaweka kidole mdomoni. Nikatazama huku na huku: darasa zima, wazee wazima na miwani yao, vidole midomoni.

Tairi ndiye aliyezinduka. Alikimbilia mlango akaufungua, akageuka kuona kama anafukuzwa. Dawati la katikati lilikuwa tupu.

"Ameenda wapi?"

"Funga," Pacha akasema.

"Wewe mama, una akili—"

"Nimesema funga!"

Tairi akafunga. Yule mzee alikuwa amekaa pale pale. Akafungua, hayupo. Akafunga, yupo.

"Acha kumfanyia mchezo wa taa ya friji!" Kiroboto akafoka. "Acha mlango ubaki umefungwa hivyo hivyo."

Pacha alikwishafika kwenye dawati. Alishika kiraka cha kola akakigeuza. "Uzi wa mama," akasema. "Alikishona asubuhi ile, mimi nikimshikia taa." Akamvuta kaka yake mkono. Unajua kuvuta mti? Akaja Tairi, wakavuta wawili, wakavuta mti.

Kiroboto akajikohoza kitaalamu, akasimama mbele ya ubao. "Mimi ni mwalimu," akasema. "Nimefundisha mpaka nikastaafu. Nakupa ruhusa, mwanafunzi. Inuka uende nyumbani."

Mtiifu hakumwangalia hata kidogo. Kwake yule alikuwa Kiroboto tu, mtoto wa safu ya mbele.

Pacha akapiga magoti. "Kaka yangu. Mama anataka kulala, wewe ndiye unayemweka macho. Inuka, baba. Twende."

Chozi likatoka jichoni mwa yule mzee, likafuata mfereji wa midomo, likashuka na kidole mpaka kwenye kiwiko, likadondoka juu ya mbao. Pale lilipodondokea palikuwa na kishimo, laini, kimechimbika kama mahali penye bomba linalovuja. Lakini hakuinuka. Macho mlangoni.

Pacha akageuka akanitazama mimi. "Kasuku. Bado unaiweza sauti yake?"

Sauti ya mfu. Tangu siku ya mazishi yake sikuwahi kuiiga, hata nilipolewa. Nikasema, "Naiweza."

Mlangoni nisingeweza kutokea, kwa sababu mlango ukifunguliwa tunampoteza. Basi nikatoka dirishani. Mara ya kwanza niliruka kama paka. Safari hii Tairi alinisukuma makalioni huku akisema, "Mzee, hiki ulichokula leo kingetosha ukoo mzima," nami nikaangukia magoti kwenye ua. Nikazunguka hadi kwenye veranda, peke yangu. Jua lilikuwa kali, lakini sikuona kivuli changu wala cha nguzo. Nikatoa funguo zangu mfukoni, nikavua kiatu kimoja, nikaanza kugonga sementi kwa funguo huku natembea. Ka. Ka. Ka. Nikakohoa kikohozi chake, kile cha mapigo mawili na mluzi mwishoni. Nikakwangua soli ya kile kiatu kizingitini.

Ndani nikasikia madawati yakilia. Walikuwa wamesimama.

Mwalimu yule alikuwa na namna yake ya kutuaga kila siku, na kila mmoja wetu anaijua hata usingizini. Nikaanza.

"Darasa!"

"Naam, mwalimu!" Sauti zao zilikuwa nyembamba kuliko umri wao.

"Wote mpo?"

Hapo hujibiwa, "Wote tupo." Hawakujibu. Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtiifu alikuwa amesimama. Kidole cha kulia bado mdomoni, lakini mkono wa kushoto ameunyoosha, anaonyesha. Kulikuwa na nafasi nyingi tupu mle, za wenzetu waliokufa, na hizo hakuzijali. Waliokufa walikwisha kupewa ruhusa na aliye juu ya mwalimu. Alikuwa anaonyesha nafasi ya ubavuni kwa Tairi. Yangu.

Nimeendesha minada mingi, sijawahi kukwama namna ile. Nikiingia nikae kwenye dawati, hakuna mwalimu. Nikibaki mwalimu, hakuna Kasuku. Nilimsikia Pacha analia polepole, kilio cha mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta amepoteza ufunguo. Sikuwa na hila nyingine. Nikauliza tena, na safari hii sijui kama niliiiga ile sauti au yenyewe iliniiga mimi:

"Nasema, wote mpo?"

Kutoka kwenye dawati langu ikajibu sauti ndogo, yenye mluzi wa pengo la meno ya mbele.

"Nipo, mwalimu."

Mimi darasa la tano nilikuwa na pengo la meno ya mbele.

"Wote tupo!" darasa likapokea kwa nguvu, na mimi nikapayuka kabla roho haijanitoka, "Nendeni salama. Msicheze njiani!"

Komeo likainuliwa kutoka ndani. Wa kwanza kutoka alikuwa Mtiifu. Mlango ulikuwa wazi, na bado nilimwona. Alikuwa anashusha kidole taratibu, mfupa ukilia kama bawaba kavu. Akasimama mbele yangu, akainua uso kama mtu anayemtazama mrefu, ingawa mimi ndiye mfupi, akasema maneno yake ya kwanza tangu mchana ule:

"Mwalimu, naomba ruhusa kwenda haja."

"Nenda, mwanangu," nikasema.

Alikwenda nyuma ya choo. Alikawia mno. Mlinzi alikuja mbio na spana akidhani bomba limepasuka.

Pacha alimshika mkono wakaondoka kwa miguu, sisi nyuma yao. Njiani mpira wa watoto ulikuja mpaka kwenye unyayo wake. Akauzunguka kwa adabu, akaendelea.

Mama alikuwa ameelekea mlangoni kama kawaida. Alimtazama mwanawe, kipara, ndevu, kaptula na yote, wala hakushangaa.

"Mbona umechelewa leo?"

"Shikamoo mama. Mwalimu alichelewa kurudi."

"Marahaba. Nawa mikono ule."

Alimwangalia akila mpaka sahani ikaisha. Kisha akamwambia Pacha amvutie shuka mpaka begani, akafumba macho. Asubuhi hakuamka, na Pacha alilia huku uso wake umetulia, kama mtu aliyeutua mzigo akashangaa kwamba mabega bado yapo.

Hapa ningeishia, kama isingekuwa Tairi. Msibani, Mtiifu akiwa amekaa kando ya dada yake, Tairi alinivuta pembeni.

"Kasuku, kile kitoto ulikitoa wapi?"

"Kitoto gani?"

"Kilichokujibu. Kilikaa ubavuni kwangu, jino hakina. Nilidhani ni mjukuu wako mmepanga naye. Lakini tulipotoka, chenyewe hakikutoka. Kiroboto alipofunga mlango nikachungulia dirishani."

"Kinafanya nini?"

Tairi hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidole chake akakiweka kwenye midomo.

Nilikwenda kesho yake. Nilisimama nje ya mlango ule na funguo mkononi, nikagonga sementi, nikakohoa. Kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mstaafu mwenye mafua. Nikajaribu tena mpaka koo likaniuma. Sauti ya mwalimu haimo tena ndani yangu, na hakuna mwingine aliyewahi kuiweza. Nikainama kwenye tundu la ufunguo. Nikaona jicho dogo, linatazama mlango, halinioni mimi.

Tangu hapo, nikikaa kwa kinyozi nikaanza, "Sikilizeni niwaambie," mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe. Unafika mdomoni, kidole kinajinyoosha, na mimi nimenyamaza katikati ya neno. Mke wangu alicheka siku za mwanzo, akasema hatimaye Mungu amemjibu. Siku hizi hacheki. Jana alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wangu wa chini, polepole, kama anayetafuta mwanzo wa ufa.

Ndiyo sababu kisa hiki nimekiandika badala ya kukisimulia. Nisameheni mwandiko. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una shughuli.