Shati la Kukagulia Trekta

Jumamosi ile Ocaya alipiga pasi shati lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma Aber. Tangu waoane, mashati ya mume wake alikuwa akiyapiga pasi yeye. Sasa mzee ameinama mezani, anapuliza makaa ya pasi na kunyoosha kola kama bwana harusi.

"Unaenda kuliangalia tena?" Aber akauliza.

"Naenda."

"Trekta ni lile lile, Baba Amito. Au linaota magurudumu mapya kila wiki?"

"Ni la zamani. Sitaki tununue kwa haraka halafu tujute."

Akavaa viatu alivyoving'arisha tangu jana, akatoka.

Trekta lenyewe lilikuwa Nateete, upande wa pili wa mji, katika ua wa mjane aitwaye Joska. Marehemu mume wake alikuwa askari, Mwacholi kama wao. Alikuwa amelileta mjini alitengeneze, aende nalo nyumbani akistaafu, lakini mauti yakamtangulia. Ocaya, aliyeendesha malori ya jeshi mpaka nywele zikawa nyeupe, alilitaka kwa ajili ya shamba la baba yake Aber kule Kitgum, lililogeuka pori wakati wa vita.

Wakilinunua, ng'ombe wawili wa Aber wangeuzwa. Hao ndio mali pekee aliyoweza kuiita yake. Kaka yake Okidi, aliyekuwa akiwachunga, alipiga simu kila mara: mvua inakaribia, tuuze au tusiuze? Aber alimjibu kwamba anangoja neno la mume wake. Na neno la mume wake halikubadilika: "Bado naliangalia."

Jirani yao pale Nakawa, Séraphine, fundi cherehani kutoka Kongo, aliinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akishona barazani.

"Mama Amito, bwana yako amependeza! Ile trekta inavaa gauni?"

"Nyamaza na sindano yako."

"Mimi nanyamaza. Ila kwetu Butembo, mwanaume haendi kuona chuma na shati ya pasi."

Aber alicheka ili Séraphine asione kitu. Kisha akaingia ndani, akatoa gauni lake la gomesi la kijani, lile la harusi za watu. Akakaza mshipi, akashika njia ya Nateete.

Alipofika Nateete aliuliza njia kwa wauza ndizi, akapita nyuma ya soko, akaliona lango. Lilikuwa wazi kidogo. Sauti ya mwanamke ilisikika ndani, sauti tulivu.

"Afande, maji ya kunawa nimeweka hapa."

Afande! Aber alisimama. Tangu Ocaya astaafu, nani alimwita hivyo? Kule Nakawa alikuwa Mzee, alikuwa Baba Amito, alikuwa yule anayekawia bafuni. Na hapa, kwa neno hilo moja, Aber alimwona kupitia upenyo wa lango akinyoosha mgongo ambao nyumbani ulikuwa unauma kila asubuhi.

Alikuwa amebaki na fulana. Shati liko wapi? Macho ya Aber yalitafuta mpaka yakalipata. Joska ameketi kwenye kiti cha mbao, mwanamke mwembamba wa umri wake Aber, na shati limelala mapajani mwake, mbali na grisi.

Aber akasukuma lango.

"Hodi! Nimekuja kuliona hilo trekta linalokula Jumamosi zangu."

Ocaya alishtuka, kitambaa cha grisi kikamdondoka. Lakini Joska aliinuka upesi, shati mkononi, akampisha kwenye kiti chake, yeye akaenda kujiletea kibao cha jikoni. Aber aliketi. Kiti kilikuwa na joto, naye alichukia kwamba kilikuwa kizuri.

"Karibu, Mama Amito. Afande anakutaja kila akija."

"Ananitaja vipi?"

"Kwamba chai yangu haifiki yako."

Aber akaligeukia trekta.

Trekta lilikuwa dogo kuliko alivyolifikiria. Rangi nyekundu ilikuwa imepauka ikawa kama udongo, lakini kila chuma kimefutwa mpaka kinang'aa. Ocaya alishika mpini wa mbele, akauzungusha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikawaka, ikaanza kunguruma kwa mpigo mmoja, taratibu.

Joska akafumba macho. Mikono yake ilikuwa juu ya shati, imetulia kabisa. Na Ocaya, aliyezoea kuuliza kila mtu kama injini inasikika vizuri, hakuuliza kitu. Aligeukia ukuta, akaangalia matofali, akampa mwanamke yule nafasi yake.

Aber aliliona hilo, na likamuuma kuliko shati. Kumbe kuna mwanamke mwingine ambaye Ocaya anajua lini asimwangalie.

"Liendeshe basi," akasema kwa sauti ya kushinda injini. "Mpaka langoni na kurudi. Nione ninachouzia ng'ombe."

Ocaya hakusogea.

"Baba Amito, nimesema liendeshe."

Akazima injini. Ua ukawa kimya, wakasikia watu wakibishana bei huko sokoni.

"Haliendi," akasema. "Meno ya gia yamekwisha. Vipuri vyake havipatikani. Linanguruma tu."

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na mimi namwambia Okidi angoje! Mvua inakuja, wewe unaniambia bado naangalia!"

"Nilitaka kusema siku ile ile. Lakini nilipoliwasha, huyu mama alisema nyumba imekuwa kama ina watu tena. Nikashindwa. Nikasema nitarudi kulikagua Jumamosi."

Kulikagua Jumamosi. Aber alivitazama viatu vile. Jeshini magari yalikaguliwa Jumamosi, hata yaliyokufa, na dereva alisimama kando ya gari lake akiwa nadhifu. Yeye mwenyewe alikuwa amempigia pasi kwa ajili hiyo miaka yote ya kambini. Wivu ulikuwa umemsahaulisha.

"Na wewe ulikuwa hujui?" akamgeukia Joska.

"Nilijua. Marehemu aliniambia kabla hajafa. Nilipoona Afande anajua na hasemi, nami sikusema."

Kwa hiyo walikuwa na siri, hawa wawili, na hata wao kwa wao hawakuisema. Aber alitamani angekuta jambo baya zaidi, angalau angejua la kupigia kelele.

"Ng'ombe wangu hawauzwi," akasema. "Okidi atakodi trekta la watu. Hili hatulinunui."

"Ni haki yako, mama," Joska akajibu.

Akaanza kulikunja shati, kola juu, mikono nyuma, vifungo vikitazama mbele. Aber aliujua mkunjo huo. Ndivyo wake za askari walivyokunja kambini, ili shati litoke sandukuni bila kasoro. Joska alilikunja polepole, kama mtu ambaye hana lingine la kukunja, akamkabidhi Aber, hakumkabidhi Ocaya.

"Asante kwa kuja kwako, Afande."

Ocaya akaitikia kwa kichwa. Walifika langoni. Aber alikuwa amelikumbatia shati, naye bado alikuwa na hasira, hasira nzima. Aligeuka. Joska alikuwa amesimama kando ya trekta, anafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Joska."

"Abee."

"Jumamosi atakuja kuliwasha."

Ocaya akafungua mdomo, Aber akamkatiza kwa mkono.

"Nami nakuja naye. Chai nitakuja nayo mimi. Na tafuta kiti kingine, sitakaa tena kwenye chako."

"Nitakiweka wapi, mama?"

Aber akauangalia ua, kiti, trekta, na mahali aliposimama mume wake akizungusha mpini.

"Katikati," akasema. "Na shati nitashika mimi."