Chembe za Dhahabu Kwenye Aproni

Kila Ijumaa dobi wa hospitali alipindua mifuko ya makoti ya maabara kabla ya kuyaloweka. Alitoa kalamu, peremende, na safari moja barua ya mapenzi, ambayo aliikausha dirishani na kumrudishia mwenyewe bila kuisoma. Chembe za dhahabu za majaribio ya maabara, zilizonasa kwenye makoti hayo, hakuzitoa, kwa kuwa hazionekani kwa macho. Mtaalamu wa maabara alishamweleza: ni ndogo kuliko vumbi, zimetengenezwa ziitambue saratani, ziing'ang'anie kama kupe, kisha ziwake.

Ijumaa moja zilikwenda naye nyumbani ndani ya aproni. Mkwewe, mjane wa mwanawe, alimpokea mfuko mlangoni na kumkumbatia kama kawaida. Chembe zikahama. Walipokuwa wakichambua mchele, titi la kushoto la mkwe likawaka chini ya gauni, mwanga wa manjano, ukubwa wa punje ya mahindi.

"Mama, umeniletea dhahabu," mkwe alisema, akijitazama. "Mkufu wake umeuacha wapi?"

"Mkufu utafuata. Inauma?"

"Haiumi. Ina joto kidogo."

Jumatatu wakaenda kwa daktari. Mlinzi alimpisha mkwe kwenye kiti chake. Daktari alizima taa, akautazama ule mwanga, akakubali kwamba ni saratani, bado changa, ya kutolewa bila shida.

"Basi itoe, baba," dobi alisema.

"Mwanga si cheti, mama. Chembe hizi bado tunazijaribu kwa panya. Lazima apimwe na mashine, na zamu yake ni baada ya miezi tisa."

"Na panya mnawapima lini?"

"Kila asubuhi," daktari alijibu, akainamisha macho. Hakuwa mtu mbaya. Tarehe aliiandika kwenye kadi kwa mwandiko mzuri.

Dobi aliendelea kufua. Kila Jumatatu aliipeleka kadi ya mkwewe kwenye dirisha la mapokezi, na kila Jumatatu ikarudi na tarehe ileile. Mwanga ukafikia ukubwa wa ndimu.

Jioni moja umeme ulikatika. Dobi alisogeza kigoda hadi kwa mkwewe, akainamisha kichwa karibu na kifua chake, akatunga uzi kwenye sindano.

"Unaona, mama?"

"Naona, mwanangu. Tulia hivyohivyo."

Mkwe akatulia, akamshikia kopo la vifungo. Dobi akashona kifungo kilicholegea kwenye koti la daktari, akakikaza mara mbili.