Salamu za Mzee Lawrence

Khadija alikuwa akitokwa na damu tangu mtoto azaliwe asubuhi, na damu haikuonyesha dalili ya kukoma. Akello, muuguzi wa zahanati hiyo iliyo mashambani nyuma ya Busiu, alimgeukia Adrisi, kaka wa mgonjwa, fundi redio wa Namakwekwe.

"Bila gari la hospitali kutoka Mbale tunampoteza. Kwa matope haya hakuna teksi itakayofika hapa."

Redio ya kuitia gari ilikuwa mezani. Mapema mwaka huo wa 1997 betri yake ilikufa, na Adrisi mwenyewe akaweka badala yake kisanduku cha superkapasita, vikopo vya kuhifadhi umeme ambavyo rafiki yake Swaibu alivitoa kwenye mashine mbovu huko Nalufenya, Jinja.

"Betri inashinda kutwa kwenye chaji," alijigamba siku ile. "Hii inajaa kabla chai haijapoa."

Hakusema kwamba huisha upesi vilevile.

Sasa kisanduku kilikuwa kitupu. Alikibeba mbio hadi kwenye kinu cha mahindi cha Magidu, akaunganisha nyaya kwenye dinamo ya injini.

"Dizeli ni hii ya mwisho, fundi," akasema Magidu.

"Washa, kwa jina la Mungu."

Injini ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Lakini kisanduku kilikuwa kimejaa. Adrisi akamshukuru Mola, akarudi akiteleza kwenye tope.

Akashika kipaza sauti yeye mwenyewe, maana ndiye aliyejua kuwa umeme ule ni wa maneno machache tu.

"Mbale, Mbale!"

"Eh! Fundi Adrisi!" Alikuwa Mzee Lawrence, askari mstaafu aliyekaa kwenye redio ya hospitali, mtu asiyeanza jambo bila salamu. "Umepotea, bwana. Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri, mzee," kinywa kikajibu chenyewe.

"Na mama yenu? Ule mguu?"

"Umepona, tunashukuru. Mzee, tafadhali, gari..."

Taa nyekundu ya redio ikafifia, ikazimika.

Adrisi akabonyeza, akabonyeza tena. Nyuma yake Akello alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akisali kwa lugha ya kwao.

Khadija akafumbua macho. "Kaka, wamesemaje?"

"Wametusalimu," akasema Adrisi, akamshika mkono. Ulikuwa umeanza kupoa.