Mkono wa Mama Juu ya Bomba

Nilishamwambia Mama, tumbaku ikitoka tu kwenye bani, mimi huyo Dar. Tangu nimalize fomu foo hapa Mishamo, miguu inawasha.

Bani letu la kukaushia, Mama ndo anajua moto wake. Hana kipimo. Anapitisha kiganja juu ya bomba la moto bila kuligusa, anasema ongeza kuni au acha. Siku za kwanza jani linatakiwa liive njano taratibu. Joto likizidi mapema linabaki kijani, msimu wote umekwenda na maji.

Wiki ile alikuwepo dada Mercy, wa chuo, anapima bomba linavyoipa hewa joto. Kabandika kwenye bomba vidude vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kompyuta inachora mstari. Mstari unarukaruka balaa.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Hapana. Hewa ya humu inajikunja kama maji ya mto yakigonga mawe. Kila ikijikunja inachota joto. Haitulii."

"Kama Anicet," Mama akasema. Walinicheka, nyie!

Siku ya pili mstari ukapanda. Mama akapeleka mkono. "Bado baridi. Anicet, kuni."

"Mama Anicet, mbona huku kumepanda sana?" Mercy akauliza.

"Karatasi yako imeijua tumbaku lini?"

Mimi nikamwamini Mama. Nikabeba gogo. Ndo nikaona kiganja chake hakipo juu ya bomba. Kimeligusa kabisa. Na yeye anatabasamu.

Nikatupa gogo, nikamvuta. Kiganja chekundu.

"Toka lini, Mama?"

Akaangalia chini. "Toka masika. Mkono umekufa ganzi. Ningekwambia, usingeondoka."

Mercy akaenda kuchomoa kuni mdomoni mwa tanuru. Mimi nikammwagia Mama maji mkononi, kopo baada ya kopo. Mstari ukashuka, bado unarukaruka.

"Soma," Mama akaniambia. "Mstari unasemaje?"

"Umerudi pale ulipokuwa jana."

"Jana kulikuwa kuzuri."

Akachukua mkono wangu kwa ule wake mzima, akauweka hewani juu ya bomba, shibiri moja.

"Na mkono wako unasemaje?"

"Unachoma kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Nikafikiria. "Kama kikombe cha chai ulichonipa asubuhi."

"Haya. Hapo hapo, mwanangu. Usiutoe."