Mkono wa Mbega

Elisifa alipomtengeneza Mbega, alipima kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kupimia. Alichonga sponji, akaivika ngozi nyeusi ya mbuzi, akashona katani nyeupe mabegani, kisha akaweka vitanzi vya vidole ndani ya kichwa: gumba liendeshe taya, cha kati kiinue nyusi. Kilikuwa kikaragosi cha kipindi kimoja tu cha watoto, kilichorekodiwa kwa ajili ya televisheni katika ghala pale Njoro. Watoto walimpenda, kipindi kikawa vipindi, na miaka ikapita mkono wake ukiwa humo ndani.

Alikuwa amesomea mavazi ya jukwaani. Kila alipoomba kutengeneza kitu kingine, Thadeus, mtayarishaji, alimjibu kwa upole uleule.

"Dada Elisifa, watu wanamtaka Mbega."

Na ni kweli, walimtaka. Njiani hawakumsalimia yeye, walimwomba sauti ya Mbega. Hata padri, baada ya misa, alimwomba aseme kidogo.

Kwa hiyo Flavia, aliyesoma naye, alipompigia kutoka Dar es Salaam, akimtaka akabuni mavazi ya mchezo mkubwa wa jukwaani, Elisifa alikubali kabla simu haijakatwa. Alifumua kichwa cha Mbega, akakishona upya kwa kipimo cha mkono wa Fredy, mwigizaji mwenye vidole virefu, akamfundisha mpaka Thadeus mwenyewe akaridhika.

Kipindi cha kwanza cha Fredy kikarushwa. Kesho yake Pamela, mke wa kaka yake, akapiga simu kutoka nyumbani kwao Kirua, huko mlimani.

"Wifi, mama hajala tangu jana. Anasema Mbega anaumwa, na yeye hawezi kula wakati mwenzake mgonjwa."

Mama yao, Mektrida, alikuwa akipoteza kumbukumbu kidogo kidogo. Alimsahau Elisifa kabla ya wengine, ingawa kila Jumapili Elisifa alipanda kwenda kumkogesha. Lakini Mbega, huyo mama hakumsahau. Jioni alivuta kigoda karibu na televisheni, akamwita Meku, kama anavyoitwa mzee yeyote kule, akala mtori wake wa ndizi huku akimtazama.

Elisifa aliazima kikaragosi, akapanda Kirua siku hiyohiyo. Alimkuta mama amelala, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

Elisifa akaingiza mkono. Vitanzi vya Fredy vilimpwaya, ikabidi akunje vidole ili taya lifunge.

"Mama Mektrida," Mbega akasema, "nimepona. Nina njaa."

Mama akageuka, akaketi. Alikula kijiko baada ya kijiko, akimweleza Mbega habari za kahawa iliyochelewa kuchumwa na ng'ombe aliyekufa zamani. Kisha akamsogelea sikioni.

"Meku, kuna mama mmoja huja hapa kunikogesha. Simpendi. Ananitazama kama anangoja nimwambie kitu. Mwambie arudi kwao."

Elisifa alikuwa ameketi palepale kitandani, magoti yao yakigusana. Pamela, aliyesimama mlangoni na beseni, akatazama chini.

"Amesikia," Mbega akasema.

"Atarudi kwao?"

"Hana pengine pa kwenda, mama. Mvumilie."

Mama akafikiri. "Basi aje. Ila nawe uwepo."

Asubuhi Elisifa alijaribu kumlisha kwa sauti ya Mbega bila kikaragosi. Mama alimtazama mdomoni, akakaza midomo yake. Elisifa akatoka hadi migombani, akampigia Flavia.

"Siji," alisema.

"Hata mwakani?"

"Sijui, Flavia. Usinisubiri."

Aliporudi Njoro alifumua vitanzi, akavirudisha kwenye kipimo chake. Fredy alisimama kando akamuuliza kama alikosea mahali.

"Hukukosea," alimwambia. "Ulifanya vizuri sana."

Thadeus alifurahi, wala hakuuliza sababu. Walianza kurekodi siku hiyohiyo. Elisifa akapiga magoti nyuma ya ubao, akainua mkono juu ya kichwa chake, na vidole vikaingia mahali pake bila kutafuta.

Kipindi kiliporushwa, Pamela akampigia. Mama alikuwa amemaliza bakuli, akaomba jingine.

"Ahsante, wifi," Elisifa alisema. Alifurahi kweli. Baada ya hapo akaketi kitandani akilia, akiwa amejiziba mdomo ili jirani asisikie.